Fahali na Debe

Jumatatu, 5 Mei

Chai tena. Mvua ya jana imelegeza udongo, kila kiatu kimebeba nusu ya shamba. Mama kwenye mstari wake, mimi kwenye wangu, na kama kawaida ameniacha nyuma bila hata kuonyesha kwamba tunashindana. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Nikaanza kuyapanga yawe ngoma kichwani, nikasimama, nikasahau mikono. Mama akasema kuna watu wanaochuma chai na kuna watu wanaoitazama.

Mchana nikafungua chumba changu cha muziki. Zamani kilikuwa cha kuku. Mvua ikinyesha harufu yao inarudi.

Mashine zimefika! Zote mbili, kwenye pikapu ya mikate kutoka Kisii mjini. Zablon wa duka la vyombo vya muziki ni mtu mzuri, ingawa anaongea kama redio. Masharti ni haya: nizijaribu, nichague moja, nyingine irudi kwake. Bonasi ya chai niliyoificha isiliwe na paa la jikoni inatosha moja tu.

Ni mashine za ngoma, za analogi. Nimezitamani miaka. Laptopu yangu ina ngoma chungu nzima, lakini zote zimekufa. Mtu alipiga mara moja huko kwao, ikarekodiwa, na mimi nairudia tu. Hizi hazina rekodi ya mtu yeyote ndani. Zinatengeneza sauti palepale kwa umeme, kila pigo jipya, na pigo la pili halifanani kabisa na la kwanza.

Moja ni mpya, nyeusi, nzito, ina taa nyekundu. Nyingine ni ya kijivu, bati limekwaruzwa, nobu moja ya kuzungusha sauti ilipotea na mtu akabandika kifuniko cha dawa ya meno. Nimeshazipa majina. Fahali na Debe.

Mama alichungulia akitafuta ungo wake. Akasema nimeleta vinu viwili na hakuna unga. Akaenda zake. Nilicheka nikiwa peke yangu kama mwehu.

Jumanne, 6 Mei

Chai asubuhi. Halafu Fahali.

Mungu wangu, Fahali. Nilibonyeza ngoma kubwa mara moja, dirisha likatetemeka na ng'ombe wa jirani akaitika. Sauti inaanzia chini, inakaa, inaondoka ikitaka. Mwendo unauweka kwa namba kwenye kioo kidogo na haupotei. Hata ukienda sokoni ukarudi, utamkuta palepale.

Debe ni shida. Ngoma kubwa yake ni fupi, kavu, kama jembe likigonga udongo. Vyuma vyake vidogo vinalia kama punje za wimbi zikimwagika kwenye ungo. Hicho nilikipenda, nakiri. Lakini linavuma chinichini hata likiwa limenyamaza, na likipata joto mwendo unasogea wenyewe. Nikampigia Zablon kulalamika.

"Kemunto, hiyo ni chuma tu, nilikuwekea ndio uone tofauti. Fahali ndio mwenyewe. Watu wananisumbua juu yake."

Akasema jambo moja tu jema juu ya Debe. Nyuma kuna tundu la kuchomekea waya kutoka kwa kifaa kingine, na hapo Debe halitembei lenyewe tena. Linapiga hatua moja kila likisukumwa. Likisukumwa linakwenda, likiachwa linasimama. Fahali hana tundu hilo. Fahali ana saa yake ndani, haongozwi na mtu.

Nani anataka mashine ya kusukumwa kama ng'ombe mvivu?

Alhamisi, 8 Mei

Nimechagua. Fahali. Debe linarudi kesho na pikapu. Nimefurahi, na roho imetulia.

Sasa jambo lenyewe. Jumapili ya tarehe 25 kuna tamasha la muziki mjini Kisii, na nimepewa nafasi. Nilipoulizwa nitakuja na nini, mdomo ukasema wenyewe: obokano na mashine. Mashine ninayo. Obokano, kinubi chetu cha Kikisii, iko Nyamache, ukutani, nyumbani kwa mjomba Ondieki, kaka yake mama. Na mjomba hajaipiga mbele ya watu kwa miaka.

Mama ndiye aliyenisimulia. Zamani hakukuwa na sherehe bila mjomba. Anakaa kwenye kigoda, bakuli la obokano limegusa ardhi, nyuzi zake nane, ile sauti nzito inayoingia kwa miguu kabla ya masikio. Halafu kwenye harusi moja wakamweka pamoja na bendi ya kinanda, na kinanda kilikuwa na ngoma ya kujipiga. Mjomba akafika pale anaposifu ukoo wa bwana harusi. Pale mwendo huwa unapanda, ndivyo inavyoimbwa. Akapanda, ngoma ikabaki nyuma. Akashuka, ngoma ikampita. Vijana wakacheka. Mwenye maikrofoni akasema mzee ameachwa na gari. Hata bibi harusi alicheka.

Alimaliza wimbo. Akaenda nyumbani, akapiga msumari ukutani, akaitundika.

Nataka aitundue. Hilo ndilo ninalolitaka, hata kuliko tamasha. Nikienda pale na rekodi yake ya zamani ya simu, nitakuwa kama wale wa harusini tu.

Ijumaa, 9 Mei

Naandika haraka kabla jua halijatua na Sabato haijaingia. Mama ameshaanza kunitazama.

Nimetoka Nyamache. Mjomba alikuwa akikata migomba iliyoanguka na mvua. Nikamsaidia kubeba kwanza, nikasema baadaye. Alinisikiliza akiwa amenigeuzia mgongo. Aliuliza kama hiyo mashine ni jamaa ya kile kinanda. Nikasema hapana, hii ni nzuri zaidi. Jibu la kipumbavu, lakini alikubali kuja kuisikia Jumapili. Nadhani alikubali kwa sababu ya mama, ambaye alikuwa amempigia simu akisema mtoto amekonda kwa mawazo. Sijakonda.

Debe limeondoka. Sikuliaga.

Jumapili, 11 Mei

Vibaya. Vibaya kabisa.

Mjomba alikuja na obokano ndani ya gunia safi, kama mtoto amefungwa blanketi. Alikaza nyuzi taratibu, mama akileta chai na kujifanya anafagia mlangoni. Alipopiga mara ya kwanza nilisisimka mikono yote. Kisha nikamwasha Fahali.

Kwanza, hawakusikilizana huko chini. Ngoma kubwa ya Fahali inakaa mahali pale pale pa uzi mnene wa obokano, ikawa kama wanaume wawili kwenye mlango mmoja. Nikaipunguza. Kisha mjomba akafika kwenye sifa, akapanda. Fahali akabaki. Mjomba akajaribu kumrudia, akateleza, akajaribu tena.

Na mimi, mwenye akili nyingi, nikafanya nini? Nikasimamisha kila kitu na kumwambia mjomba amewahi. Nikampigia makofi kumwonyesha mwendo. Kaka yake mama! Mtu aliyewachezesha babu zangu, nampigia makofi kama mtoto wa nasari.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliifuta obokano kwa leso yake, akairudisha kwenye gunia, akanywa chai yake yote kwa heshima ya mama. Mlangoni akasema:

"Kemunto, hii kitu yako inaongea sana na haina maskio."

Alisema kwa Kiswahili, ili nijue anaongea na mimi kama mgeni. Nyumbani Kiswahili hatuongei. Mimi nakiandika hapa kwa sababu ndicho kilichonifundisha kuandika. Kutoka kwake kiliuma.

Mama aliweka ufagio chini. Alikusanya vikombe.

Jumanne, 13 Mei

Chai. Mvua. Nimejichukia siku nzima na kapu limejaa haraka kuliko siku zote.

Fahali yupo mezani na taa zake. Leo simpendi.

Jumatano, 14 Mei

Nimekwenda Nyamache kuomba radhi. Nilibeba sukari na mkate, kama inavyopasa. Mama aliongeza wimbi.

Nilifika uani nikasikia obokano. Alikuwa anapiga! Ndani, mlango umefungwa, kwa ajili yake mwenyewe. Sikubisha. Nilikaa kwenye gogo chini ya dirisha na mkate wangu magotini.

Alifika kwenye sifa, akapanda, na nikasikia kitu. Tak-tik. Tak-tik. Chini ya nyuzi. Nikachungulia, bila aibu. Siku zote nimetazama mikono yake. Kila mtu hutazama mikono yake. Leo nikatazama mguu. Sakafu yake ni ya mbao, na mguu wa kulia haukuwa na kiatu. Kisigino, vidole. Kisigino, vidole. Akipanda, mguu unapanda kwanza. Akitaka kushuka, mguu unachelewa kidogo na vidole vya mkono vinasubiri ruhusa. Hajawahi kukosa mwendo hata siku moja! Mwendo uko mguuni, na sisi sote tulikuwa tunautafuta kwenye kinanda.

Hapo ndipo nilipokumbuka lile tundu.

Kitu kinachopiga hatua moja kila kikisukumwa. Kikiachwa kinasimama. Niliandika mwenyewe kwenye ukurasa ule pale, kwa dharau. Nilitaka kujipiga kofi na kucheka kwa wakati mmoja. Nikabisha mlango na kuomba radhi vizuri, kwa kichwa chini. Mjomba akapokea mkate. Nikamwomba siku chache. Nikasema kuna mashine nyingine, na safari hii yeye ndiye atakayeiongoza.

Hakusema ndiyo. Aliuliza kama nina njaa.

Alhamisi, 15 Mei

Nimempigia Zablon kabla hata ya chai. Debe halipo! Amempa mwalimu wa kwaya ya Wakatoliki kule Birongo ili alijaribu, na mwalimu amelipenda kwa sababu ni la bei ndogo.

"Si nilikuambia ni chuma? Sasa unalilia?"

Nikamwambia ndiyo, nalilia. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema yeye hana neno, mimi na mwalimu tukielewana basi.

Sina raha. Nikilikosa Debe sina kitu. Fahali hawezi. Nimemgeuza nyuma mbele nikitafuta tundu ambalo najua halipo.

Ijumaa, 16 Mei

Birongo. Nimerudi salama, nimelowa hadi mifupa, na nimeshinda!

Nilimfunga Fahali kwa karatasi ya nailoni na mashuka mawili ya mama (hajui bado), nikapanda boda mvua ikianza. Nyumba ya mwalimu Nyaega iko nyuma ya soko. Mtu mrefu, mpole, ana sweta ya shule ingawa amestaafu. Debe lilikuwa mezani limefunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya wazee.

Nikamuuliza linamsaidiaje. Akawa mkweli. Linamtesa. Kwaya yake ina ugonjwa wa kukimbia. Wakianza wimbo wakiwa wanatembea, wanaumaliza mbio, soprano wakiwa wametangulia. Alitaka kitu cha kuwashika. Lakini Debe likipata joto linasogea, na kwaya inasogea nalo, na sasa wana sababu.

Nilimfungua Fahali, nikamweka mezani, nikaweka mwendo wa wimbo wake kwa namba. Mwalimu akaimba ubeti mzima akipiga mkono hewani. Fahali hakutikisika. Akaimba tena akikimbia makusudi, kama soprano wake. Fahali akabaki palepale. Mwalimu alikaa chini.

"Huyu ndio dawa yao," akasema.

Tukampigia Zablon pamoja. Tofauti ya bei nitaelewana naye, akasema mwalimu, hata ikibidi kwaya iuze mahindi. Mimi nililikumbatia Debe na kifuniko chake cha dawa ya meno. Mke wa mwalimu alinipa chai na ndizi za kuchemsha na kuniangalia kwa huruma. Nadhani alifikiri nimepunjwa.

Jua linatua. Mashuka nimeyaanika nyuma ya jiko.

Jumapili, 18 Mei

Kazi siku nzima. Sijawahi kufurahia kazi hivi.

Jambo lilikuwa hili: mguu utaongeaje na tundu? Nilikumbuka saa ya mezani iliyokufa, ile ya kengele. Ndani yake kuna kisahani chembamba cha shaba ndicho kinacholia. Ukikipa umeme kinalia. Ukikigonga, kinatoa umeme. Kidogo sana, lakini Debe halitaki mwingi. Nikakitoa, nikakichomelea waya, nikakigundisha chini ya kipande cha ubao, na upande mwingine wa waya nikauchomeka kwenye tundu.

Nikakanyaga. Debe likaenda hatua mbili.

Nikakanyaga tena. Tatu! Ubao ulikuwa unatetemeka baada ya mguu kutoka, na Debe linahesabu kila mtetemo kuwa mguu mpya. Nilijaribu sponji, kitambaa, gazeti. Mwisho nikakata kipande cha kandambili ya zamani ya mama (sasa ana sababu mbili za kunigombeza), nikakiweka kati ya ubao na kisahani.

Kisigino: pigo moja. Vidole: pigo moja. Nikaenda haraka, likaenda haraka. Nikavuta, likavuta. Nikainua mguu hewani, likanyamaza likinisubiri.

Nilipiga kelele mama akaja mbio na mwiko akidhani ni nyoka.

Jumanne, 20 Mei

Nyamache. Nimeliweka Debe juu ya meza ya mjomba, ubao chini ya mguu wake. Nilipanga ngoma kubwa iangukie kisigino, vile vyuma vya wimbi viangukie vidole, na hapa na pale njuga, mahali nilipojua sifa zinaingia. Kisha nikakaa mbali. Mikono nimeikalia.

Alikanyaga mara moja. Akatazama. Akakanyaga tena. Alianza polepole, kama mtu anayejaribu daraja, na kila alipoweka mguu Debe likajibu. Akaongeza. Akafika kwenye sifa, akapanda bila kujizuia, na Debe likapanda naye. Na lile pigo fupi, kavu, lile la jembe, halikuugusa uzi mnene. Liliupisha. Kile nilichokiita ubovu ndicho kilichoiachia obokano nafasi.

Mjomba alikatiza wimbo katikati. Nikaogopa. Aliliinamia Debe, akalitazama kwa karibu sana, halafu akaanza kucheka. Alicheka akifuta macho. Alisema hili lina masikio.

Msumari ukutani ulikuwa mtupu. Sikuacha kuutazama.

Alhamisi, 22 Mei

Chai. Hofu. Mama ameyaona mashuka. Amenigombeza kidogo, kwa mazoea tu.

Naogopa stima ipotee. Naogopa waya. Naogopa zaidi yule atakayeshika maikrofoni. Wenye maikrofoni ni wale wale kila mahali. Kama mjomba atachekwa tena, na safari hii nimemwita mimi, sitaweza kumtazama mama.

Jumapili, 25 Mei

Asubuhi. Mjomba amevaa koti lake la kahawia. Amelala hapa. Debe nimelifunga ndani ya shuka moja, safari hii kwa ruhusa. Mama amesema hawezi kuja, ana maharagwe ya kumenya.

Tunaondoka.

Jumatatu, 26 Mei

Sikwenda chai. Mama alisema nilale. Hajawahi kusema hivyo maishani mwangu. Siwezi kulala. Naandika.

Ukumbi ulijaa. Vijana na simu zao, akina mama wa soko waliotoka kuuza, wanafunzi wa chuo. Waliotutangulia walikuwa na laptopu na taa na moshi. Sisi tulikuwa na kigoda, gunia, debe na ubao. Niliona watu wakigusana viwiko. Na kama nilivyoogopa, kijana wa maikrofoni, kofia nyuma mbele, akapanda jukwaani mbele yetu:

"Haya watu wangu, leo ni mzee na roboti! Tuone nani ataachwa!"

Kicheko. Mjomba hakumwangalia. Alikaa, akavua kiatu cha kulia, akakiweka pembeni vizuri kama mtu aliyefika nyumbani. Wakacheka zaidi kwa kiatu. Na nikamwona mama. Mstari wa tatu! Kitambaa cha kanisani, mkoba magotini, anatazama mbele kama yuko ibadani. Maharagwe gani.

Alianza kwa nyuzi peke yake. Ule uzi mnene uliingia kwenye spika kubwa na nikaona watu wakitazama miguu yao. Kisha kisigino.

Debe likaitika ukumbi mzima.

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimeshika nobu tu, nikifungua sauti na kuifunga, wala sikuwa naongoza kitu. Mjomba alikuwa anapiga ukumbi kwa mguu mmoja. Aliwasalimu wazee, akavuta, ngoma ikavuta. Akasifu Nyamache, akasifu Ikonge, kwetu, iliyomwoa dada yake, akapanda, ngoma ikapanda, na mabega ya akina mama yakaanza kutetemeka yenyewe. Vijana waliinuka. Wale wa kugusana viwiko waliinuka kwanza.

Halafu, katikati kabisa, akasimama.

Mikono juu ya nyuzi, mguu hewani. Kimya. Debe kimya. Huko nyuma mtu akapaza sauti, "Imekufa!" na kicheko kikaanza, kile kile cha harusi, nilikijua ingawa harusini sikuwepo. Mjomba akageuza shingo polepole. Akamtafuta aliyesema. Akampata. Akamtabasamia, mguu bado uko hewani, na akamngojea. Ukumbi mzima ukaona. Kicheko kikafa chenyewe.

Kisigino.

Paa lilitaka kuondoka! Alifanya makusudi! Tulipokuwa Nyamache hakuniambia, alikuwa ameiweka hila hiyo moyoni. Akaenda, akasimama tena, na safari hii watu walipiga mayowe wakimngoja. Mara ya tatu ukumbi wote ulikuwa umeinua mguu pamoja naye, akina mama wa soko, wanafunzi, hata kijana wa kofia pembeni ya jukwaa, na aliposhusha walishusha naye, nikasikia sakafu chini yangu. Nililia. Niliendelea kuzungusha nobu nikilia.

Tulipomaliza, kijana wa kofia alikuja kumsalimia mjomba kwa mikono miwili, akiinama. Mjomba akamuuliza ni mtoto wa nani. Wakagundua wana ukoo mmoja upande wa nyanya. Bila shaka. Akamwambia aje Nyamache asaidie kubeba migomba, halafu watazungumza habari ya kuachwa. Kijana alisema atakuja. Ataenda, nilimwona uso.

Zablon alinifuata akiwa amelowa jasho. Alitazama meza yangu mara mbili.

"Kemu, kwani hii ni ile chuma?"

Ni ile chuma, nikamwambia. Nilisema taratibu, nikiionja. Akauliza kama ninaweza kumtengenezea ubao kama ule aweke dukani. Nikasema nitafikiria. Nimeshafikiria, nitamtengenezea, lakini akae kidogo.

Mama hakupiga kelele, hakucheza. Alikuja tu, akamshika kaka yake mkono, na hakuuachia hadi stendi. Njiani mjomba alimwuliza kama alimaliza maharagwe. Akasema yapo.

Nimefurahi hadi mwili unauma. Tumeshinda. Basi.

Alhamisi, 29 Mei

Mvua imepumzika. Mjomba amerudi kwake na obokano yake. Debe na ubao vimebaki hapa, kwa sababu Jumapili anakuja turekodi.

Leo nilipeleka majani kwenye banda la chai peke yangu, kwani mama alisema mgongo unamsumbua. Foleni ilikuwa fupi. Niliporudi, nikiwa nyuma ya migomba, nikasikia ngoma kutoka chumba cha kuku. Nikadhani nimesahau kuzima. Kisha nikakumbuka kwamba Debe halijipigi.

Nikatembea kwa upole hadi kwenye ufa wa mlango.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, bakuli la maharagwe magotini, anamenya. Alikuwa peku. Kisigino, vidole. Kisigino, vidole. Ganda likikataa kufunguka mguu ulisimama, na Debe lilisimama likamngoja. Likifunguka, akaendelea. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, sifa zile za kaka yake, na alizijua zote.

Sikuingia. Nilishusha kapu, nikakaa kwenye jiwe la mlangoni. Maharagwe yalikuwa bado mengi.